Mti wa mtaani ni wa nani? Majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja kwa sura tofauti: ama miti ya barabarani ilipandwa kwa shangwe ikafa, ama ipo tangu enzi za wazee na sasa kuna mtu ameshika msumeno. Tumejibu zile zinazowagusa wengi, na pale swali lilipohitaji vipimo tumetoa vipimo.

Habari za kazi, wahariri. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Dodoma. Mwaka jana, mwezi wa nne, tulipanda miche pande zote mbili za barabara yetu. Wageni walikuja, picha zikapigwa. Leo iliyobaki ni ya kuhesabu kwa vidole. Wananchi wanasema udongo ni mbaya. Tufanye nini ili safari hii waitunze?

Mwenyekiti, udongo tusiusingizie bado. Anza na kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, na kwa Dar es Salaam au Tanga tarehe hiyo inaangukia pazuri kwa kuwa masika ndiyo kwanza yameshika kasi. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Mche uliotiwa ardhini Aprili unapata wiki mbili tatu za mvua, kisha miezi saba ya jua na upepo. Pandeni mwishoni mwa Desemba au Januari, mara udongo unapokuwa umelowa hadi sentimita 30. Hilo halihitaji kipimo, chimba kwa jembe uone. Hafla ya Aprili ibaki, ila iwe ya kuweka matandazo na kujengea uzio miche iliyokwisha shika. Wageni watapiga picha zilezile.

Halafu wananchi. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kupanda kwanza na kutafuta walezi baadaye. Ligeuzeni. Miezi miwili kabla ya mvua, wajumbe wapite nyumba kwa nyumba na daftari na kuuliza mambo matatu: unataka mti mbele ya mlango wako? Kati ya aina hizi nne unachagua upi? Na ukisafiri, nani atamwagilia? Anayesema hataki asipandiwe. Mti uliolazimishwa utaondolewa kimyakimya, kwa maji ya moto au kwa mbuzi aliyefungwa karibu kwa makusudi. Kwenye nyumba za kupanga andikeni majina mawili, la mwenye nyumba na la mpangaji, kwa sababu mpangaji atahama. Msikiti, kanisa, duka na zahanati nazo ni walezi wazuri, pengine kuliko nyumba, maana wapo siku zote. Maji ya udhu yakielekezwa kwenye mche kwa mfereji mdogo yanatosha kuulea bila mtu kubeba ndoo. Mkipata walezi 35, pandeni miche 35, hata kama mmepewa 300 bure.

Sasa shimo. Sentimita 60 upana, 60 urefu, 60 kina. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja, na wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na hapa ndipo miche mingi huanza kunyauka wiki ya pili huku watu wakilaumu mchwa. Chana kiriba chote, yaani ule mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, ukitoe. Tumekuta miche ya miaka mitatu ambayo haikui, ukifukua unakuta plastiki bado imeibana. Kama mizizi imejizungusha chini ya kiriba, ikate kwa wembe sehemu nne, la sivyo itaendelea kuzunguka hivyohivyo hadi iunyonge mti ukiwa mkubwa. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi. Ikifukiwa sentimita 10 tu chini, gome linaoza taratibu.

Shindilia udongo kwa mguu, kisha tengeneza kisahani cha kukinga maji, kipenyo mita 1, kina sentimita 10. Weka matandazo ya majani makavu au pumba unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini yasiguse shina: acha nafasi ya kiganja pande zote. Zungushia miiba au fito hadi mita 1.2. Mbuzi akinyoosha shingo huwa anafika mbali kuliko mnavyodhani.

Maji ndiyo hesabu yenyewe. Kiangazi cha kwanza, lita 20 mara mbili kwa wiki kwa kila mche. Kiangazi cha pili, lita 20 hadi 40 mara moja kwa wiki. Usimwagie kikombe kila jioni, maana maji hayo yanaishia juu, mizizi inayafuata hukohuko juu, na siku mlezi akikosekana mche unakufa. Kwa miche 20 ni lita 800 kwa wiki, yaani takriban uniti tatu na nusu za maji kwa mwezi. Bili hiyo ikiangukia nyumba moja inauma, ikigawanywa kwa nyumba ishirini haionekani. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo mara ya mwisho yanafaa, yenye chumvi au dawa ya kung'arishia hayafai. Palipo na shida kubwa ya maji, chukua dumu la lita 5, litoboe kwa sindano chini, lizike nusu kando ya mche na kulijaza. Maji yatatoka kidogokidogo karibu na mizizi badala ya kupeperushwa na jua.

Ukaguzi usiuundie kamati mpya. Tayari kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, basi siku hiyo mjumbe apite na daftari lilelile na kuandika karibu na kila jina neno moja: hai, dhaifu, umekufa. Majina hayo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Hakuna faini inayofanya kazi kama hiyo.

Mbele ya nyumba yetu Magomeni kuna mwarobaini mkubwa. Mama lishe anapikia chini yake, na bodaboda wameufanya kijiwe. Shina limeanza kuwa jeusi upande mmoja. Wajumbe wanataka kuwafukuza wote ili kuokoa mti. Mnasemaje?

Msiwafukuze. Mtaa mzima hauna watu wanaouhitaji mti huo kuliko hao. Wapo hapo tangu alfajiri hadi jioni, wana maji, na mtu akija na panga wao ndio watamwona kwanza. Kinachotakiwa ni kuwaeleza kinachouumiza, kwa sababu wengi hawajui.

Sehemu ya shina iliyo hai ni tabaka jembamba lililo mara tu chini ya gome. Jiko la mkaa likikaa karibu nusu mita, joto lake hulikausha tabaka hilo hata kama gome halijashika moto. Weusi mnaouona ndio huo. Jaribuni kwa kucha au ncha ya kisu: kwarua gome kidogo sana pembeni ya doa. Kukiwa na kijani au unyevu, pazima. Kukiwa kahawia na kavu, pamekufa. Endeleeni mpaka mjue ukingo uko wapi, kisha pimeni kwa kamba doa limechukua kiasi gani cha mzingo. Likiwa chini ya robo, mti mkubwa wenye afya kwa kawaida hulizungushia kovu na kuendelea. Likizidi nusu, anzeni kufikiria mrithi wake, na muiteni afisa misitu auangalie kabla matawi hayajaanza kukauka juu ya vichwa vya wateja.

Masharti ni machache. Jiko likae mita 3 kutoka shinani. Maji ya moto, maji ya chumvi na mafuta ya kukaangia yamwagwe kwenye ndoo ya taka, kamwe si kwenye mizizi. Bodaboda wasibadilishie oili hapo. Bango lisipigiliwe msumari, na turubai lisifungwe kwa waya: tumieni ukanda mpana wa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, na kila mwezi uhamishwe kidogo. Mabenchi yahamie upande mmoja, na upande wa pili umwagwe vipande vya mbao au maranda unene wa sentimita 8, maana udongo uliokanyagwa mwaka mzima haupitishi maji wala hewa.

Kisha mpande mche mmoja mita 6 au 7 kando, na mama lishe ndiye awe mlezi wake. Mtendaji aandike makubaliano hayo kwenye karatasi, nusu ukurasa unatosha. Elewaneni mapema kwamba karatasi hiyo haimpi haki ya eneo, kwa sababu hifadhi ya barabara ni ya anayesimamia barabara. Inataja tu kazi ya kila mmoja. Bila kulisema hilo wazi, mwakani mtajikuta kwenye ugomvi wa ardhi badala ya mazungumzo ya mti.

Mtaa wetu Mwanza tumechanga fedha za miche. Wengi wanataka mwashoki kwa sababu unanyooka na kupendeza. Kuna ubaya?

Ubaya hauna, ila hauna kivuli. Mwashoki ulionyooka unafaa penye nafasi finyu kati ya ukuta na mtaro, au kuficha ukuta mbaya. Mkitaka watu watembee kwa miguu saa saba mchana bila kuungua, tafuteni mti unaotandaza matawi.

Mwarobaini unakua haraka na kuvumilia ukame. Ukipandwa peke yake mji mzima ni hatari, na karibu na misitu ya pwani unasambaa wenyewe bila kuombwa. Mkwaju unakwenda pole lakini hauvunjiki ovyo kwa upepo na utawakuta wajukuu. Mkungu una kivuli kipana na hauogopi chumvi, kwa hiyo ni mti wa miji ya pwani, ila majani yake makubwa yanaziba mitaro, ukiuchagua panga na mtu wa kufagia. Mkrismasi hupendeza kila mtu mwezi Desemba, lakini mizizi yake iko juujuu, inainua njia ya miguu, na matawi hukatika: uende uwanjani au kwenye mzunguko mpana. Mzambarau una mbao ngumu na kivuli kizito, isipokuwa matunda yake yanatia doa magari na nguo. Mwembe ni mzuri kabisa kama mko tayari kwa mawe ya watoto msimu wa maembe. Mkuyu na jamaa zake wa ukoo wa mitini msiipande karibu na shimo la choo au bomba la maji. Mizizi yake hutafuta unyevu kwa bidii.

Chini ya nyaya za umeme pandeni kisichozidi mita 5: mkomamanga, mstafeli, mpera. Kwa miti mikubwa acheni mita 8 hadi 10 kati ya mmoja na mwingine, mita 3 au zaidi kutoka ukutani, na mita 10 kutoka kwenye makutano ili dereva aone.

Kuhusu kuchanganya, kuna kanuni iliyopendekezwa na Mmarekani Frank Santamour mwaka 1990 ambayo miji mingi bado inaitumia kama kipimo: aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja (kundi la aina zenye undugu wa karibu) isizidi 20, na familia moja (kundi la jenasi) isizidi 30. Mtaa mmoja hauwezi kufuata hesabu hiyo neno kwa neno. Kwa miche 40, aina nne au tano zinatosha kuhakikisha kwamba mdudu mmoja hawaachii jua tupu.

Je, kupaka mashina chokaa kunazuia mchwa?

Kidogo sana, na mvua ikinyesha kimeondoka. Ni urembo, pia humsaidia dereva usiku. Rangi ya mafuta na oili chafu visiguse gome kabisa. Mchwa hupenda mche wenye kiu, kwa hiyo fedha za chokaa nunueni maji.

Kikundi chetu cha vijana Arusha tunataka kupogolea mijakaranda ya mtaa, matawi mengine yamegusa nyaya. Tuna mapanga na ngazi. Tunahitaji nini zaidi?

Mnahitaji kuacha mapanga nyumbani. Na tawi lolote lililo ndani ya mita 3 kutoka kwenye waya wa umeme si lenu, ni la TANESCO. Tawi bichi linapitisha umeme, na ngazi ya chuma vilevile. Andikeni barua kupitia ofisi ya mtaa mkitaja nguzo, idadi ya miti na matawi yanayogusa, kisha fuatilieni. Siku mafundi wakija, muwepo. Wakiachwa peke yao na haraka yao mara nyingi hunyoa kichwa chote cha mti, na mti ulionyolewa huchipua vijiti vingi kwa pupa vilivyoshikwa juujuu kwenye kovu linalooza. Baada ya miaka mitatu vijiti hivyo ni mizigo mizito inayongoja upepo, na waya umefikiwa tena. Waombeni wakate tawi moja moja hadi lilipoanzia, wakiliondoa linaloelekea kwenye waya na kuliacha linaloelekea barabarani.

Matawi mengine, yale mnayofikia mkiwa mmesimama chini na yasiyozidi unene wa sentimita 10, mnaweza. Kwanza ruhusa ya maandishi: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa barabara za mtaa, na nakala kwa afisa misitu wa halmashauri. Bila karatasi hiyo hata kazi nzuri itawafikisha polisi.

Chombo ni msumeno wa mkono wenye meno makali. Tawi linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Wa pili unatoka juu kwenda chini, sentimita 5 mbele ya ule wa kwanza kuelekea nchani: tawi litaanguka bila kuchana gome la shina. Kinabaki kisiki. Angalieni pale kinapoungana na shina, mtaona uvimbe wa mviringo. Mkato wa tatu upite nje tu ya uvimbe huo. Mkiukata uvimbe wenyewe mmeondoa sehemu ambayo mti huitumia kufunga jeraha. Mkiacha kisiki kirefu, kinaoza na uozo unaingia ndani. Ukikata vizuri, mwaka unaofuata utaona kovu la duara likijikunja kutoka pande zote.

Msipake rangi, lami wala udongo juu ya jeraha. Havizuii uozo, vinafungia unyevu. Msiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee hata hiyo ni nyingi. Yaliyokufa, yaliyovunjika na yanayosuguana ndiyo ya kuanza nayo. Mara nyingi mkimaliza hayo hakuna la zaidi.

Mwenye nyumba wetu hapa Tanga anataka kupiga pevingi mpaka kwenye shina la mzambarau wa barabarani. Anasema mizizi iko chini kabisa. Ni kweli?

Si kweli. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti iko ndani ya sentimita 60 za juu, na inatanda mbali kupita ukingo wa kivuli. Mizizi inavuta hewa. Ukiifunika kwa zege unaikaba, na dalili huja kwa kuchelewa, pengine miaka miwili au mitatu baadaye: majani yanakuwa madogo, ncha za matawi ya juu zinakauka, na hapo hakuna anayekumbuka fundi wa pevingi.

Mwambieni aache mraba wa mita 2 kwa 2 kuzunguka shina, na pasipo nafasi isipungue mita 1.5. Nje ya hapo pevingi ziwekwe juu ya mchanga, nafasi kati ya tofali na tofali zijazwe kokoto ndogo, bila saruji. Ardhi isichimbwe zaidi ya sentimita 10, na mzizi mnene kuliko kidole gumba usikatwe: tofali lipite juu yake au lipishe. Wala udongo usiongezwe kuzunguka shina ili kusawazisha.

Palipokwisha pigwa zege, ivunjeni kwa nyundo na tindo, si kwa mashine nzito, na ifanyeni wakati wa mvua. Vunjeni nusu mwaka huu na nusu mwakani. Juu ya udongo uliofunuliwa wekeni mboji sentimita 3 hadi 5 na matandazo juu yake. Kama udongo ni mgumu kama tofali, toboeni kwa mtaimbo mashimo yenye kina cha sentimita 30 hadi 40, kila baada ya nusu mita, kuanzia mita 1.5 kutoka shinani kwenda nje, na kuyajaza mchanganyiko wa mboji na mchanga mkubwa. Mtaimbo ukigonga mzizi, hameni. Mashimo husaidia, ila kazi kubwa inafanywa na matandazo na minyoo wanaokuja kuyala.

Mimi naandika kutoka Mombasa. Barabara yetu itapanuliwa na miembe na mikungu ya zamani imetiwa alama ya X. Tumeambiwa tupige kelele. Tupige vipi?

Kelele mnaweza kuanza nazo, ila si za kutegemea. Mhandisi akiambiwa "msikate miti" atajibu kwamba barabara lazima ijengwe, mazungumzo yataishia hapo. Akiambiwa mti namba 14 una mzingo fulani, uko mita fulani kutoka ukingo wa barabara mpya, na njia ya miguu ikisogea mita moja na nusu unapona, inabidi afungue mchoro.

Kwa hiyo hesabuni miti wikendi hii. Watu wanne kwa kila kikundi: mmoja na kamba ya kupimia, mmoja anaandika, mmoja anapiga picha, mmoja anazungumza na wenyeji na kuangalia magari. Kila mti upewe namba ya karatasi iliyofungwa kwa uzi, si msumari. Andikeni aina, mzingo wa shina kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, umbali hadi ukingo wa lami, hali yake (nzuri, wastani, mbaya), kasoro inayoonekana, na nani hutumia kivuli chake. Picha mbili: mti mzima na shina. Kazi hii haihitaji wataalamu watupu. New York mwaka 2015 wakazi zaidi ya 2,000 wa kujitolea walishiriki kuhesabu miti ya barabara za jiji, na ikafika 666,134. Walifundishwa kwanza, na hapa ndipo vikundi hukosea: fanyeni miti mitano ya kwanza pamoja wote, hadi vipimo vyenu vifanane, ndipo mgawane.

Mzingo unawapa kitu muhimu zaidi. Ugawe kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha mara 12. Hilo ndilo eneo la mizizi la kulindwa, kutoka shinani kwenda kila upande. Mwembe wenye mzingo wa sentimita 157 una kipenyo cha 50, basi mita 6. Ndani ya duara hilo lori lisiegeshwe, kifusi kisimwagwe na mtaro usichimbwe bila mpango. Mzizi ukikatwa karibu kuliko mara tatu ya kipenyo, yaani mita 1.5 kwa mwembe huo, mti unaweza kuanguka. Uzio wa mabati kuzunguka eneo hilo uwekwe kabla mtambo wa kwanza haujafika. Ukiwekwa baadaye udongo umekwisha shindiliwa.

Wakati huohuo ulizeni barabara ni ya nani: KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au kaunti. Ombeni ripoti ya tathmini ya athari za mazingira kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, na tarehe ya kikao cha maoni ya umma. Katiba ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi katika Ibara ya 10, na Ibara ya 69 inaitaka Serikali ifikishe angalau asilimia 10 ya nchi kuwa na miti. Barua yenu iambatane na orodha, na iwe na makundi matatu: miti ambayo lazima ibaki, inayoweza kubaki mchoro ukirekebishwa, na ile ambayo wenyewe mnakubali iende kwa kuwa imeoza. Kundi la tatu ndilo linalofanya mawili ya kwanza yaaminike. Watu wengi hawataki kuliandika, na tunawaelewa, lakini liandikeni.

Ushahidi kwamba mchoro hubadilika upo. Novemba 2020 mugumo mkubwa (mti wa jamii ya mkuyu) wa Westlands, Nairobi, ulikuwa katika njia ya barabara ya juu ya Nairobi Expressway. Wananchi na wanaharakati wakaukalia kooni mpango huo, Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri, na mti ukaachwa. Tukumbuke lakini kwamba miti mingine mingi ya njia hiyohiyo ilikatwa. Mugumo ulikuwa na jina, umri na watu waliousemea. Ndiyo maana namba 14 wenu anahitaji karatasi yake.

Kwa ile itakayoondoka, dai mche wenye kimo cha mita 2 au zaidi pamoja na maji ya miaka miwili, yaandikwe ndani ya mkataba wa mkandarasi. Ahadi ya "miche kumi kwa kila mti mmoja" isiyotaja nani atamwagilia ni ya kuandikia hotuba.

Tunaotesha miche yetu wenyewe hapa Morogoro. Mbegu za mwarobaini tulizohifadhi tangu mwaka jana hazioti hata moja. Kwa nini?

Zimekufa. Mbegu ya mwarobaini hudumu wiki chache tu, haiwekwi akiba. Okoteni matunda ya manjano yaliyoiva, yakiwa yameanguka asubuhi hiyo. Yamenyeni kwa kuyasugua kwenye maji, kausheni mbegu kivulini siku moja au mbili, na kuzipanda ndani ya wiki mbili. Lazeni mbegu kina cha sentimita 1 hadi 2 kwenye viriba vyenye mchanganyiko wa udongo wa msituni sehemu tatu, mchanga moja na samadi iliyooza moja. Mwagilieni asubuhi na jioni, na wekeni kivuli cha makuti mwezi wa kwanza tu. Zitaanza kuchomoza wiki ya pili. Mkwaju ni tofauti: mbegu zake zinakaa muda mrefu, ila zinahitaji kulowekwa kwenye maji usiku kucha kabla ya kupandwa. Viriba visikae juu ya udongo mtupu, vinginevyo mzizi mkuu utatoboa na kujichimbia ardhini, na siku ya kuhamisha mtaukata. Inueni na kugeuza kila kiriba mara moja kila wiki mbili.